Maji ya Samaki wa Afande

Nilipokuwa nikifundisha kemia Tororo, nilikuwa na hasira za karibu na mdomo unaotangulia akili. Kilichonifunza adabu ni tangi la samaki.

Lilikuwa tangi la kioo, refu kama kitanda, limejaa maji ya bahari, matumbawe hai na samaki watatu wa rangi ya chungwa. Mhindi aliyelijenga sebuleni kwake alikuwa amefukuzwa nchini pamoja na wenzake wote, na nyumba akapewa ofisa wa jeshi. Afande akarithi makochi, redio, mpishi mjane kutoka Majanji, na samaki. Makochi aliyakalia tu. Samaki aliwapenda kwa dhati, na balaa likaanzia hapo. Maji yaligeuka kijani, matumbawe yakapauka, samaki mmoja akaelea tumbo juu.

Nikaitwa. Siku hizo mtu akiitwa na mwanajeshi aliaga nyumbani kwanza, nami niliaga.

"Mwalimu," Afande akaniambia, "maji hii nakufa. Wewe napima, halafu naniambia nani naharibu."

Nilitia maji kidogo kwenye neli ya maabara, nikachanganya dawa, kisha nikateremsha asidi taratibu ubavuni. Pete ya kahawia ikajitokeza katikati, nene, bila aibu.

"Kuna nitrati nyingi, Afande."

Akatoa kijitabu. "Nitrati. Huyo nakaa wapi? Molo ama Kirewa?"

Nilijikohoza ili nisicheke. Nikamweleza kwamba nitrati si mtu. Chakula kikizidi tangini huoza, na uozo huo mwishowe huzaa nitrati.

"Sawa. Hiyo chakula nani natia?"

Mlangoni mpishi alikuwa amesimama na sinia la chai, na vikombe vikaanza kugongana. Hapo nikakumbuka kwamba Kiswahili kina huruma ambayo kemia haina. Maji yakiharibiwa, lazima yupo aliyeyaharibu. Yakiharibika, basi, yameharibika tu, na kila mtu anarudi kwake salama.

"Yameharibika, Afande," nikasema. "Yenyewe."

"Katika Uganda hii kitu hapana haribika yenyewe!"

Akatoa siku saba. Maji yasipopona, mpishi angechukuliwa na askari akaeleze. Sote tuliwajua waliokwenda kueleza, na hatukumjua hata mmoja aliyerudi kutusimulia alichoeleza.

Nikaanza kazi. Nilipima maji ya bomba ya kuongezea, pete haikutokea. Nikaosha sponji ya kuchujia, ikatoa tope la kutosha kukandika ukuta. Kisha nikawafungisha samaki: siku saba, wasipewe hata punje. Afande akafurahi, akawaambia wageni wake kwamba samaki yake nafunga kama waislamu safi.

Kilichobaki kilikuwa kubadilisha maji. Kaka yangu, dereva wa lori, alinijazia jerikani kumi baharini Mombasa, nikaenda kuzipokea Busia. Watu wengine walikuwa wakivusha sukari na sabuni mpakani. Mimi peke yangu nilivusha maji. Ofisa wa forodha akasema bila shaka ni pombe kali ya waragi, akapiga funda kubwa. Alitema mpaka machozi yakamtoka, kisha akaniuliza kwa huzuni kama huko Kenya siku hizi wanakunywa hii.

Nikamwaga nusu ya maji machafu, nikatia ya Mombasa. Siku ya saba nikapima. Pete ikatokea nene kuliko ya kwanza.

Nilimgeukia mpishi kwa ukali ambao mpaka leo naujutia. "Mama, umewapa nini?"

"Haki ya Mungu, mwalimu, mimi hapana toa kitu," akasema, macho yake chini.

Nikapekua mchanga kwa koleo ya maabara. Chini ya matumbawe kulikuwa na matope ya unga mweupe, na juu yake kipande cha biskuti, kipya cha asubuhi ile, vitobo vyake bado vinahesabika. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Mwaka ule Tororo nzima mwenye biskuti alikuwa mmoja tu, na kopo lake lilikaa chumbani kwake.

Afande akaingia na askari wawili. Nikakiinua kile kipande kwa koleo, kinachuruzika maji, nisijue ulimi wangu utanipeleka wapi.

"Biskuti, Afande," nikasema. "Imeanguka."

Alikitazama. Kisha, polepole, akapangusa makombo kwenye mfuko wa shati lake.

"Ndiyo," akasema. "Imeanguka." Akawaamuru askari wakangoje garini, naye akawafuata bila kunywa chai.

Mpishi alingoja mlio wa gari upotee. Ndipo aliposhika ukingo wa kiti.

"Mwalimu, hiyo ya leo ni mimi natia. Nachukua kwa kopo yake. Samaki walikuwa naniangalia, mdomo wazi, siku saba. Nikasema, wakikufa na njaa, mimi ndio nakwisha."

Nilifungua kinywa nimkaripie. Badala yake nikajikuta nimekaa kwenye zulia lililolowa, nalia, naye akapiga magoti akinifuta machozi kwa aproni yake, akiniomba radhi kama vile mimi ndiye niliyekuwa nichukuliwe.