Jani la Nzi Lililotushusha Daraja

Jumapili ile tulipanda Old Moshi kutafuta sare moja tu. Ilikuwa mechi ya mwisho ya daraja la nne, na timu yetu ya Njoro, Msumari, ilikuwa inavuta mkia. Sare ingetubakiza. Tukifungwa tunashuka, na chini ya daraja la nne hakuna kitu ila chandimu, mpira wa mtaani usio na refa wala jezi.

Jezi tulikuwa nazo, mitumba ya timu fulani ndogo ya Uingereza. Mimi, beki namba tatu na mwanafunzi wa kidato cha tatu, nilidai waliziuza baada ya kushuka daraja. Kocha wetu, Mzee Hamadi, seremala mtu wa Tanga, hakucheka.

Saa tatu asubuhi tuliondoka mjini, mtaa wa Mawenzi, kwa pikapu yake ya kubebea mbao. Njiani wenzangu walinikumbusha Aloyce, kapteni wa wenyeji wetu, Migombani. Mzunguko wa kwanza alianguka kwenye tope, nami nikamlilia "mee" kama mbuzi mpaka mashabiki wakaitikia.

"Leo unachinjwa wewe," kipa wetu aliniambia.

Mlimani pikapu ilichemka, tukamalizia kwa miguu. Nzi walinipenda mimi kuliko wote. Nikachuma jani refu kwenye ua wa watu, nikawa najipepea.

Saa sita, uwanjani. Uwanja wenyewe umeinama kama paa. Aloyce alikuwa anatusubiri na kaka zake wawili. Nilipokaribia na jani langu, wote wakalikodolea macho. Mama yake, aliyekuwa akipakua chakula, akaweka upawa chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Aloyce, mwenzio amekuja na isale. Utamkatalia?"

Aloyce akalitazama jani, akanitazama mimi. "Hili halikataliwi," akasema, akalipokea kwa mikono miwili. "Yameisha, bwana mbuzi. Ila ukishampa mtu isale, humchezei hila tena."

Kumbe Wachagga huombea msamaha kwa jani hilo. Mimi babu yangu Mnyamwezi, bibi Mwarabu, ningejulia wapi? Nikala kiburu chao, ndizi zilizopondwa na maharage, na siri ya nzi nikaimeza humo humo.

Dakika za mwisho za mechi bado ilikuwa sifuri kwa sifuri. Aloyce akapiga, mpira ukawa unaingia, nikautoa kwa mkono. Refa alikuwa huko chini ya mteremko, hakuona. Watu wakapiga kelele. Refa akamuuliza Aloyce kama ameona mkono.

"Muulize mwenyewe. Kaniletea isale, hawezi kunidanganya."

Mimi nimeshamzika shangazi yangu mzima mara mbili ili nisiende shule. Neno "bega" lilikuwa tayari mdomoni.

"Mkono, refa," nikasema.

Kadi nyekundu kwangu, penalti kwao, goli. Tukashuka.

Tukateremka hadi kwenye pikapu, tukaikuta imepoa. Aloyce alitusindikiza, akatupakilia mkungu wa ndizi. Nikaukumbatia mpaka mjini, maana ndio pekee ambao haukuninunia.

Jumatatu baada ya shule niliingia karakana ya Mzee Hamadi na isale jipya, nimelishika kwa mikono miwili kama nilivyomwona Aloyce.

"Hilo la nini?"

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba jani hilo ni zito kwa anayelijua tu. Kumweleza mtu wa Tanga, naye ana msumeno mkononi, nikaona ni safari nyingine.

"La nzi, mzee."

"Leta."

Akalichukua kwa mkono mmoja, akaanza kujipepea. Kwa hesabu yangu, amelipokea.