Doria ya Lambo la Shinyanga

Marehemu mume wangu alikuwa mtu mashuhuri pale Shinyanga, na umashuhuri wenyewe aliuleta kutoka baharini. Ujanani alikuwa askari kwenye boti la serikali lililolinda pwani ya Tanga, kazi yao kuwakimbiza watu wa magendo. Alipoacha kazi akapanda treni kuja bara kuuza vitambaa, akanioa mimi, Msumbwa ambaye maji mengi niliyokuwa nimeyazoea ni ya mtungi.

Mji mzima ulimwita Nahodha. Hakuwahi kuwa nahodha, lakini hakumsahihisha mtu. Waliokuwa wakienda Geita kutafuta dhahabu walipita dukani kumuuliza habari za kuvuka ziwa, naye aliwaeleza mawimbi kwa mapana mpaka wengine wakaghairi safari, wakanunua shuka na kurudi kwao. Nyumbani jiko aliliita tezi, kama nyuma ya chombo, na baraza akaiita omo, kama mbele yake. Nikimwambia, "Baba, kuni zimekwisha," anauliza, "Za joshini au za demani?" yaani za upande wa upepo au za upande wa pili. Mimi nilijua kuni za uani tu.

Ukaja mwaka mvua zilipokuwa haba. Mji ulikuwa na lambo moja la maji ya kunywa, na wachungaji walikuwa wakiingiza ng'ombe humo humo mpaka maji yakawa uji. Jumbe akaja dukani.

"Nahodha, wewe ulilinda bahari nzima. Lambo litakushinda?"

"Lambo?" Mume wangu alicheka. "Nitalilinda jicho moja limelala."

Alipoondoka jumbe nikamwambia, "Si utalizunguka kwa miguu tu?"

"Doria ya miguu ni ya polisi," akasema. Akang'oa mlango wa bafu letu.

Alifunga mapipa matupu kwa kamba za katani, akaulaza mlango juu yake, na hicho ndicho kikawa chombo. Sisi wa nyumbani tukawa tunaoga nyuma ya kanga, huku tunaimba kwa sauti ili mtu asiingie.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotazamia. Alivaa kofia yake ya zamani, akasukuma chombo kwa upondo, akapuliza filimbi. Ng'ombe hawakuwahi kuona mlango unaotembea juu ya maji. Walitimua mbio, na wachungaji nyuma yao. Usiku huo alikula sahani mbili za wali na kunisimulia habari ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimezishuhudia.

Siku ya gulio ndipo alipokuja fahali mmoja mweusi asiyejali filimbi. Alikunywa akashiba, kisha akaanza kujikuna shingo kwenye pipa. Chombo kikazunguka kama pia. Upondo ukanasa kwenye tope ukabaki umesimama peke yake, na Nahodha akaelea mpaka katikati ya lambo.

Nilikuwa nakanda unga wa maandazi. Jirani akaingia anahema: "Mama, mumeo anazama!"

Nilikimbia na unga mikononi. Kufika, gulio zima limehamia ukingoni, na mume wangu amekaa juu ya mlango, kofia kichwani. Kando yake bibi mmoja wa Kisukuma alikuwa anachota maji. Yalimfika chini ya magoti.

"Shuka, baba," bibi alimwambia. "Hapa hata mbuzi hazami."

"Askari wa doria haachi chombo!" akajibu, kwa sauti ya kusikika na wote.

Mimi nikaona ananikonyeza. Nikakunja kanga, nikaingia majini mpaka alipo. Akainama sikioni kwangu.

"Mke wangu, humu kuna ruba."

Nilimtazama. "Wewe si ulisema watu wa magendo walikupiga risasi?"

"Risasi hainyonyi," akanong'ona, akivuta miguu yake juu ya mlango.

Sikuwa na jingine la kufanya. Nikageuka nikampa mgongo. "Panda."

Akapanda, filimbi ameirudisha mdomoni. Kila hatua niliyopiga alitoa pumzi, na kila pumzi ilikuwa pii! Fahali akavutiwa na sauti ile, akatufuata pole pole kama msindikizaji wa harusi. Watu ukingoni wakaangua kicheko. Bibi wa Kisukuma alicheka mpaka akaketi majini, mtungi na yeye. Kwanza niliona aibu, uso ukanichoma. Halafu kicheko kikanishika mimi pia, nikateleza, tukaanguka wote wawili. Yeye aliinuka akafika nchi kavu kabla kofia yake haijamaliza kuelea.

Ruba hakumgusa hata mmoja. Mimi walinishika mguuni. Nyumbani alinipaka chumvi akawabandua mwenyewe, amefumba macho, anasoma dua kimya kimya.

Jumbe akaamuru lambo lizungushiwe matawi ya miiba, na ng'ombe wakachimbiwa dimbwi lao. Tulidhani umashuhuri umekwisha, lakini wateja waliongezeka. Walikuja kumsikiliza akisimulia jinsi mkewe alivyomwokoa, na alisimulia kwa fahari, mkono begani mwangu. Ila mawimbi ya siku ile aliyafanya marefu kuliko nyumba. Mimi niliendelea kupima kitambaa.