Jipi Lililonyanyuliwa Mno

Hakuwa mtu wa kutulia. Hata akiwa mezani anakula, mguu mmoja ulikuwa tayari umeelekea mlangoni. Mchana alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, akilisha mashine karatasi. Akitoka hapo habadili hata nguo, moja kwa moja uvunguni mwa gari. Wenzake wa kundi la wapenda magari ya porini walimbandika jina la Nati, likamganda hadi nyumbani.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, la milango miwili. Alilikuta limetelekezwa nyuma ya karakana, sakafu imeliwa na kutu mpaka unaona majani chini ya kiti cha dereva. Watu waliliita jipi. Mama yake aliliita jipu, na ulimi haukuwa umemteleza.

"Jipu lako litaiva lini, mwanangu?"

"Bado kidogo tu, mama."

Hiyo bado kidogo haikuwa na mwisho. Alichomelea sakafu mpya. Akafungua giaboksi, akaifunga, akaifungua tena bila sababu ya maana. Akapaka rangi, akaichukia, akaikwangua. Mwisho akafunga springi ndefu na matairi mapana, gari likanyanyuka kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Kundi zima likaja kutazama. Winchi, mkubwa wao, aliyepewa jina hilo kwa kuwavuta wenzake kwenye tope, akalizunguka akatikisa kichwa.

"Sasa hili ndilo gari."

Nati alilala anatabasamu. Kulipokucha alishaanza kuliwazia bampa jingine.

Kisha simu ikaja: mama mkubwa, dada yake mama, ameanguka bafuni akavunjika nyonga, na sasa amerudishwa nyumbani kutoka hospitali. Mvua zilikuwa zimeigeuza barabara ya kwake kuwa uji. Hakuna teksi iliyokubali.

"Nitakupeleka mimi," Nati akasema, kifua kimemjaa.

Mama akatoka na viatu vyake vya kutokea. Akashika mlango, akainua mguu, goti likakataa. Nati akaleta stuli, ikayumba. Akajaribu kumsukuma kwa nyuma.

"Niache! Mimi si gunia la mkaa."

"Shika hapa juu, mama, halafu..."

"Hivi hili umemtengenezea nani?"

Mama akarudi ndani, akavua viatu.

Nati akakaa kizingitini, akasimama, akakaa tena. Akampigia Winchi.

"Nataka kulishusha."

"Umechanganyikiwa? Watu wanalimezea mate hilo gari!"

"Mama yangu hawezi kulipanda."

"Nakuja na jeki kubwa," Winchi akasema.

Siku nzima walikuwa chini ya gari. Bolti moja iligoma; wakaimwagia mafuta, wakaipiga nyundo, wakaitukana, mwisho wakaikata. Springi za zamani zikarudi, na matairi ya kawaida. Winchi akachomelea kidato cha bomba chini ya mlango, huku akilalamika kama aliyeagizwa kubomoa nyumba yake.

Kesho yake mama akakanyaga kidato, akaingia mwenyewe. Kwenye tope zito gari likaburuza tumbo, na Nati akazikumbuka kwa uchungu springi alizoziacha nyumbani. Akatia gia nzito. Matairi yakazunguka bure, yakashika, yakateleza.

"Kanyaga!" mama akapiga kelele, ameng'ang'ania dashibodi. "Usinionee huruma!"

Likapita.

Mama mkubwa alikuwa kitandani, amekonda. Alipomwona mdogo wake mlangoni alilia kwanza, kisha akauliza, "Umepitaje?"

"Nimeletwa na mwanao huyu."

Mama mkubwa akamshika Nati mkono, akamkalisha ukingoni mwa kitanda. Nati akakaa. Alivumilia nusu kikombe cha chai, goti likimchezacheza, kisha akaomba kwenda kuangalia gari.

"Mwache aende," mama akamwambia dada yake. "Huyo hata tumboni mwangu hakutulia."

Chini ya gari hakukuwa na kilichoharibika. Alibaki amelala palepale kwenye unyevu, akiwasikia kupitia dirishani dada wawili wakibishana juu ya mto upi uwekwe chini ya mguu. Alitaka kubaki hapo. Alitaka pia kuondoka, tena upesi.

Mama akaamua kubaki amuuguze dada yake, Nati akarudi peke yake. Penye njia panda, zote mbili zilifika nyumbani: ya kushoto ilikuwa fupi na kavu kidogo, ya kulia ndefu na ya tope. Akasimama pale, injini ikinguruma, akipigapiga usukani kwa vidole. Akakata kulia.