Ombi la Dada Nisiyemtaja Jina

Jamani, hili nimelificha sana, na mkitaka kucheka chekeni tu, maana aibu niliitafuta mwenyewe, tena kanisani, tena nikiwa nimefumba macho kwa unyenyekevu.

Kanisa letu pale Kilindoni ni dogo, tunajuana hadi viatu. Mimi nililetwa kisiwani Mafia na kazi ya hifadhi ya bahari, simjui mtu, na aliyeniondolea upweke ni Tumaini, mwalimu wa Ndagoni, ambaye kila Jumapili baada ya ibada nilipika naye kwangu. Siku moja tukiwa tunakuna nazi akaniambia mchumba wake amevunja uchumba, na hajamwambia mtu mwingine (na kwaya ilishaanza mazoezi ya nyimbo za harusi!). Nikamwahidi nitanyamaza.

Jumapili iliyofuata alichelewa, nikadhani haji. Mchungaji akauliza nani ana ombi, na mimi, badala ya kukaa kimya, nikasimama. "Kuna dada mmoja, simtaji jina," nikaanza, na ningeishia hapo nisingekuwa na mkasa, lakini ulimi hauna mfupa, nikaongeza kwamba ni mwalimu, yuko Ndagoni, anaimba sauti ya kwanza, mchumba wake wa Mwanza amemwacha, tumwombee asikate tamaa. Nikafumbua macho. Watu wote wamegeuka wanatazama mlangoni, na Tumaini amesimama pale, kofia ya pikipiki mkononi.

"Umesahau umri, dada," akasema taratibu. "Thelathini na mbili."

Akatoka. (Mchungaji, maskini, akasema tuombe, na mama mmoja wa kwaya akaangua kilio utadhani kuna msiba.)

Jumanne nikaenda kwake kuomba radhi. Alinikaribisha sebuleni, akaniletea chai kwenye sinia, mimi niliyezoea, kila nikimtembelea, kupitiliza jikoni na kufunua masufuria. Nikajitetea kwamba nilitaka aombewe tu.

"Mungu nilishamwambia mwenyewe," akasema. "Wewe nilikuambia kwa sababu nilitaka mtu wa kukaa naye."

Alinisamehe, sikatai, tukikutana ni Bwana asifiwe, amina. Lakini kwangu hajaja tena, na inaniuma kuliko kama angenitukana. Sasa mtu akiniambia lake, namwombea chumbani, mlango nimeufunga, kisha natoka naenda kukaa naye.