Mtani Aliyefungua Uzio

Liandike jambo hili kama ninavyolisema, mjukuu wangu, wala usililainishe.

Shamba langu la Munisagara liliuawa na maji ya chumvi. Bwawa la kiwanda cha kuhifadhi ngozi kwa chumvi lilipasuka wakati wa masika, maji yakateremka hadi shambani kwangu chini ya reli, na jua lilipotoka ardhi ikabaki nyeupe. Hayakuota mahindi tena, wala magugu. Wenye kiwanda walikuja, wakatikisa vichwa, wakaondoka.

Sikudai mahindi kwanza. Nilitaka nyasi zetu za asili zirudi, kwa maana mahali palipokataa nyasi hapatakubali chakula. Nilichimba mifereji ili mvua ioshe chumvi. Samadi aliniletea jirani yangu mfugaji, aliyehamia kutoka kanda ya ziwa. Watu wa kabila lake na wa kwetu ni watani. Aliniita mchawi wa chumvi, nami nikamwita mchumba wa ng'ombe, na kazi ikaenda. Mbegu tulizikusanya pamoja kandokando ya reli. Ni yeye aliyenionya kwamba ng'ombe hupenda mno majani yaliyoota penye chumvi, na ni yeye aliyejenga uzio wa miiba.

Hatimaye kipande kimoja kilijaa nyasi. Tukakubaliana kungoja mbegu zikauke, ndipo tuzimwage katika sehemu kubwa iliyobaki.

Asubuhi moja nilikuta miiba ya langoni imewekwa kando kwa utaratibu, na ng'ombe wake wakimalizia mashina.

"Shikamoo, mtani," alisema. "Nimekuletea wafyekaji, wala hawadai ujira."

Sikuitikia. Nilimuuliza kama alijua mbegu hazijakauka. Akajibu kwamba alijua, ila malisho yake yalikuwa yamekwisha. Na tena, akasema, mtani hakasirikiwi.

Hilo ndilo lililoniuma. Njaa ya ng'ombe ningeielewa, lau angekuja kuniomba. Yeye alijificha ndani ya utani, mahali ambapo mila inanikataza kumfuata.

"Basi utani umekwisha," nikamwambia. "Siku ya msiba wako sitakuja kuwachekesha wafiwa. Kuanzia leo wewe ni jirani, na jirani hushtakiwa."

Hakucheka.

Masika haya nimekuta samadi imemwagwa nje ya uzio. Nimeitandaza yote, kwa sababu ardhi haina kosa. Shikamoo yake bado sijaiitikia.