Mfuko Ulioshonwa Mdomo

Fundi cherehani alikuwa anatafuta zipu juu ya kabati, mkono ukagusa begi asilolijua. Akalishusha, akapiga chafya, akafungua. Shati la mumewe, suruali yake, tochi, sabuni, nakala za vyeti ndani ya nailoni. Cha mke, hata leso hakuna.

"Kumbe mwenzangu ana safari," alijisemea.

Lakini kilichomchoma hasa ni mshono. Mkanda wa begi ulikuwa umeshonwa upya, na chini kwa ndani kulikuwa na mfuko wa bluu, umejaa, umeshonwa mdomo kabisa. Miaka kumi na minane ya cherehani, mkono wake anaujua kama sura yake. Huu si wake. Basi kuna mwanamke mwenye cherehani mahali, tena hajui kazi, maana kila mwisho wa mstari amerudia mara tatu kama anayepigilia misumari.

Akamwita wifi yake, anayekaa mlango wa pili. "Wifi, kaka yako anahama?"

"Kaka yangu? Yule hata kuhamisha kiti anaomba ushauri." Wifi akachungulia begi. "Labda anakwenda kukutafutia ile miwani ya akiba, uliyosema nimeiba mimi."

Fundi akajifanya hakusikia.

Mume, mtunza ghala la mbegu, alirudi saa kumi jioni, akakuta begi linamsubiri mezani. Badala ya kubabaika, akalipekua haraka haraka. "Umetoa nini humu?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa? Nani kakushonea?"

"Nimeshona mwenyewe, ulipokwenda kununua nyuzi."

"Wewe, ambaye kifungo tu kinakushinda? Haya, kaa. Shona nione."

Akamsukumia kipande cha kitambaa. Mume akakaa kwenye cherehani, magoti juu kama panzi, ulimi nje, akakanyaga. Mwisho wa mstari akarudia: moja, mbili, tatu. Wifi alicheka mpaka akashika mlango.

Fundi hakulegea. Alichukua wembe akaufumua mfuko, tayari kukutana na picha ya mtu. Zikadondoka dawa zake za presha, blauzi yake, na miwani.

Wifi akaiokota, akamvalisha taratibu. "Sasa unaniona vizuri?"

"Nisamehe, wifi." Akamgeukia mume. "Kwa nini unifiche?"

"Mafuriko ya mwaka jana tulikimbia na begi la dharura kama hili. Tulipolifungua kule shuleni tulikohifadhiwa, betri za tochi ulishazitia kwenye redio. Biskuti ulinywea chai. Dawa ulizirudisha jikoni. Ukazimia mbele yangu, mke wangu, nami nimeshika kibiriti kitupu."

Fundi alichukua tena wembe. Akaufumua mkanda. "Huu haubebi hata kilo tatu," alisema, akaanza kuushona upya.

Mume akasogeza kiti karibu yake. Betri alizitoa kwenye tochi, akazishika mkononi, zisije zikaishia tena kwenye redio, mpaka mkewe alipokata uzi.