Punda wa Mwaitu na Ushuhuda wa Mnada

Wengi wanaoniona leo na majengo yangu wanafikiri nilianza na pesa. Nilianza na mdomo. Shule niliacha darasa la tatu, na si kwa ujinga. Mwalimu mwenyewe alisema hana la kunifundisha tena. Nikaingia biashara ya mifugo katika mnada wa Mutomo, na kufikia mwisho wa miaka ya sabini hakukuwa na mtu upande ule wote aliyeweza kutazama mbuzi kwa mbali akakuambia uzito wake kama mimi. Sijisifu. Ni habari tu.

Mnada wetu haukuwa kama minada mingine. Mnadi alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuvaa koti hata jua likichoma mawe, na mnada aliuendesha kama ibada. Kabla ya mnyama wa kwanza kuingia zizini, aliwaita waliouziana wiki iliyopita wasimame mbele ya watu, kila mmoja amtolee mwenzake ushuhuda. Muuzaji aseme mnunuzi alikuwa mtu wa namna gani, na mnunuzi naye amseme muuzaji. Ukisemwa vibaya mara ya kwanza, unaombewa. Ukisemwa vibaya mara ya pili, unabaki nje ya kamba ya zizi, huuzi wala hununui, mpaka mvua inyeshe, na mvua ya kwetu haijawahi kuwa na haraka.

Nia ya mzee ilikuwa nzuri. Lakini utasemaje ukweli juu ya mtu na yeye amesimama hapo kando yako akingoja zamu yake? Kwa hivyo ikawa ni sifa kwa sifa. Nilimsikia mtu akishuhudia hivi: "Ng'ombe alikufa tukiwa njiani, lakini alikufa kwa adabu, hakusumbua mtu. Ndugu muuzaji namshukuru." Na muuzaji akajibu, "Mimi namshukuru mnunuzi. Nasikia alimchinja mapema." Watu wakapiga makofi. Mwingine aliuziwa fahali asiye na meno, akasimama akasema amefurahi sana kwa sababu hali majani mengi.

Tena kulikuwa na heshima ya umri. Mdogo alisema kwanza, mkubwa akasema mwisho. Hapo ndipo haki ilipotorokea dirishani, kwa sababu anayesema mwisho ndiye aliyeshika fimbo. Ukimtia doa, atakutia mawili, na wewe huna nafasi ya kujibu.

Mimi nilikuwa nimeshaombewa. Mzee mmoja alishuhudia kwamba nawatukana mbuzi wa watu ili bei ishuke. Ni kweli nilikuwa nawaambia mbuzi maneno, lakini hiyo ni kazi, kila fundi ana vyombo vyake. Hata hivyo neno moja baya lilikuwa tayari liko juu ya kichwa changu. La pili lingenitoa nje ya kamba, na nje ya kamba sikuwa na kitu. Shamba langu lilikuwa mawe. Mnada ndio ulionilisha mimi, mke na watoto.

Sasa siku moja wakati wa kiangazi, mjane mmoja wa makamo ya mama yangu, anayekaa ng'ambo ya mto wa mchanga, alileta punda jike mnadani. Kila mtu alimwita Mwaitu, kama tunavyomwita mama yeyote wa heshima. Mnadi akamshika punda sikio.

"Huyu si punda wa kubembeleza," akasema. "Unampakia maji mtoni, unamgonga kidogo mgongoni, anayafikisha nyumbani peke yake. Ukishusha maji anarudi mtoni peke yake. Mwaitu, nimesema kweli?"

"Umesema kweli mbele ya Mungu," Mwaitu akajibu.

Tulishindana mimi na mfanyabiashara mmoja Msomali, mtu wa kutoka upande wa kaskazini aliyekuwa na duka pale sokoni. Alipandisha bei, nikapandisha. Alipokohoa nikapandisha tena. Nikamchukua punda kwa bei ambayo ingetosha punda wawili, na nikatembea naye katikati ya soko ili nionekane.

Kesho yake nikapanga kazi. Mama watoto akaenda mtoni na mitungi, achote maji kwenye kisima cha mchangani, ampakie punda, amgonge kidogo. Mimi nikakaa nyumbani karibu na pipa, kazi yangu ni kushusha. Nikakaa. Jua likapanda, likafika utosini, likaanza kushuka. Sikuona punda. Nikajua mke wangu anapiga hadithi na wanawake wenzake huko.

Jioni akaja amechoka, amejaa mchanga mpaka kwenye nyusi, lakini anacheka.

"Leo umenunua kitu," akaniambia. "Huyu punda ni mashine. Anaenda, anarudi na mitungi mitupu, anaenda, anarudi. Pipa limejaa?"

"Pipa gani? Mimi sijaona hata mkia wa punda."

Akajifuta mchanga kwenye nyusi. Halafu akauliza polepole, "Sasa nimekuwa nikimjazia nani maji tangu asubuhi?"

Siku iliyofuata nilimfuata punda nyuma. Alipopakiwa hakuangalia upande wetu hata kidogo. Alivuka mto, akapanda kilima, akaingia kwenye boma la Mwaitu kama mtu anayerudi kazini. Mwaitu alikuwa anangoja. Akashusha mitungi, akamimina kwenye mapipa yake, akairudisha mitupu mgongoni, akamgonga punda kidogo. Mapipa yalikuwa yamejaa. Mboga zake zilikuwa kijani wakati Mutomo nzima ilikuwa rangi ya ugoro.

"Karibu mwanangu," akaniambia. "Keti unywe chai. Tangu mume wangu atangulie, hakuna mwanamume ameniletea maji. Wewe hata sikukuomba."

"Mwaitu, hayo maji yalikuwa ya kwangu."

"Najua ni ya kwako. Ndiyo maana nashukuru."

"Nataka kusema, punda alipotea njia."

"Huyo hajapotea tangu azaliwe," akasema, akanitilia sukari. "Wewe uliuziwa punda anayejua nyumbani, na nyumbani kwake ni hapa. Siku ya mnada utasema hivyo, na mimi nitasema mema yako. Sema vizuri tu. Ukisema vibaya, mimi ni mzee, kichwa changu kinasahau hata mema niliyotendewa."

Nilielewa. Mimi si mtu wa kuambiwa mara mbili.

Nilijaribu kumfunga punda kamba nimwongoze mwenyewe. Akalala chini na mitungi yake, maji yakamwagika, wanawake mtoni wakaniuliza kama tunaomba. Nikamwacha aende anakojua. Wiki ile yote mke wangu alimpakia punda kwanza, kisha akabeba maji ya nyumba yetu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, huku punda wetu akimpita na maji ya Mwaitu.

"Nikuulize," mke wangu akasema. "Ulinunua punda, au wewe ndiye uliyenunuliwa?"

"Ni mambo ya biashara. Huwezi kuelewa."

"Sawa. Na mimi nitakwenda kuuliza mnadani, huko kwenye watu wanaoelewa."

Nilidhani ni maneno ya uchovu.

Siku ya mnada tukaitwa mbele. Mimi ndiye mdogo, nikaanza. Nilisema muuzaji ni mama wa heshima, bei ilikuwa ya haki, na punda anafanya kazi kuliko nilivyotarajia. Hapo hakuna uongo hata nukta. Kisha Mwaitu akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Nimeuza wanyama wengi," akasema, "lakini mnunuzi kama huyu sijaona. Amenunua punda wangu, na bado ananiletea maji kila siku bila kuniomba shilingi. Na najua ataniletea mpaka mvua inyeshe, kwa maana si mtu wa kuacha jambo katikati."

Makofi yalipigwa mpaka mbuzi wakashtuka. Mnadi akavua kofia. Yule Msomali akaniinamia sikioni. "Mzee, mimi nikikuuzia ngamia, utaniletea nini? Chakula cha jioni?"

Lakini hapo hapo nikasikia sauti ninayoijua.

"Na mimi nina ushuhuda," mke wangu akasema. Alikuwa amesimama nyuma ya kamba na alama ya kamba ya maji ingali kwenye paji lake.

Mnadi akamwambia kwa upole kwamba ushuhuda ni wa waliouziana.

"Huyu alitoa mbuzi kwa baba yangu akanichukua," akajibu. "Kama hiyo si biashara, mtuambie ni nini."

Wazee wakainamiana, wakanong'ona. Hakuna aliyethubutu kusema mahari si kitu. Mwishoni mnadi akatangaza kwamba neno la mama huyu ni zito, basi litasikilizwa mnada ujao, ili mume apate nafasi ya kujirekebisha.

Hebu fikiria nilipofika. Nikiacha kumpelekea Mwaitu maji, atasimama afute ushuhuda wake, aseme nimemtupa, nami nitoke nje ya kamba. Nikiendelea, mke wangu atasimama aseme anayoyajua, nami nitoke vilevile. Watu waliosoma wangeketi waandike barua kwa chifu. Mimi nilikaa juu ya jiwe, nikamtazama punda akivuka mto, na jibu likaja. Punda hatabadilika. Mwaitu hatabadilika. Mke wangu, huyo hata msimzungumzie. Kilichobaki cha kusogezwa ni nyumba.

Nilikwenda kwa Mwaitu nikanunua kipande kando ya boma lake. Nikaita vijana wa sokoni. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati na mbao, tukaivunja, tukaibeba, tukavuka nayo mto wa mchanga ukuta mmoja mmoja. Watu waliacha kazi zao kututazama. Mlango niliubeba mwenyewe, na mtu mmoja njiani akaubishia hodi. Nikamwambia apite, tumehama. Punda alikataa kubeba hata msumari.

Tulipomaliza, punda aliingia kwa Mwaitu kama kawaida, naye akachukua mtungi mmoja akasema iliyobaki ni yetu. Punda hakukubali kutembea zile hatua chache mpaka kwetu, ikabidi tutoboe ua na kupitishia mitungi hapo. Mke wangu akatazama pipa likijaa. Hakusema kitu mpaka siku ya mnada, na mimi nilikuwa nalala vibaya.

Aliitwa mbele. Hata yule Msomali aliacha kuhesabu mbuzi wake.

"Maji yanafika," mke wangu akasema. "Jirani ni mzuri. Punda hana neno."

Akarudi nyuma ya kamba.

Mnadi alingoja. "Na mume?"

"Nimemaliza."

Ilibidi wazee wakae tena. Mmoja alisema kunyamaza ni kusema vibaya kwa heshima. Mwingine akasema kama kunyamaza ni kubaya, basi nusu ya kanisa iko nje ya kamba. Walibishana mpaka wanyama wakaanza kulia kiu. Mwishowe mnadi akavaa kofia yake akasema neno ambalo halikusemwa haliwezi kuhesabiwa, na akainua kamba kwa mkono wake ili nipite.

Nikaingia zizini. Wauzaji walikuwa wamejipanga mstari kuningoja mimi, kila mtu na punda wake.